Ulimi wa Gunia la Sufu

Thornbeck, 3 Machi 2009

Leanne,

Wewe mtoto huna haya hata kidogo. Krismasi mbili nzima unanitumia kadi yenye picha ya kondoo, na mimi nakaa hapa nikijiuliza kama umeshaolewa na mmoja wao. Hicho kisiwa chako kimekufunga kamba? Meli zipo, treni zipo, na miguu ninajua unayo kwa sababu niliiosha mwenyewe. Usiniambie habari za kazi. Hao wauguzi wengine wa Lerwick hawana mabibi?

Simu siisikii, unajua, masikio yalishaniaga. Ndiyo maana nakuandikia kwa herufi zilezile ulizonifundisha kwenye meza hii ukiwa na mapengo mawili mdomoni, na mimi mtu mzima ambaye sijakanyaga darasa. Basi soma polepole na usicheke.

Gunia la Sufu imefunguliwa tena. Ndiyo, baa ileile pale sokoni, ileile ya baba yako. Ilifungwa muda mrefu, njiwa wakazaa humo, sasa imenunuliwa na mwanamke mmoja anaitwa Hattie Crabtree, wameitengeneza na kuipaka rangi. Kaka yako alipata kazi humo tangu Januari. Aliniambia anaosha vyombo. Nikafurahi. Nikasema sawa, vyombo havijawahi kumuua mtu.

Wiki iliyopita nipo kwa yule mama wa buchani, ananikatia figo, ananipigia kelele sikioni: "Kez! Joel wako anatunza bia vizuri sana kule chini, kama Roy kabisa!" Kama baba yako kabisa. Leanne, nilishika kaunta. Yule mama akadhani ni goti.

Kwa hiyo Alhamisi nikavaa koti la kanisani nikaenda kujionea.

Usingeitambua. Kapeti lile lililonata hakuna, sakafu ni mbao tupu. Ukuta wameukwangua mpaka matofali, sijui kwa nini, baba zetu walijitahidi kuyafunika. Taa zinaning'inia bila kofia. Lakini kaunta ni ileile ya mti mweusi, na pampu za mkono za kuvutia bia zipo tatu zimesimama, zimesuguliwa zinang'aa. Nyuma yake kasimama msichana ana pete puani, anaitwa Jodie, sauti yake hata mimi naisikia.

"Nikupe nini, bibi?"

"Bia ya pipa. Zote."

"Zote?" Akacheka. "Unapigana na mtu?"

"Bado."

Akaniletea kibao cha mbao kina glasi tatu ndogo ndogo, kama dawa ya kikohozi. Eti ndivyo siku hizi watu wanavyoonja. Haya.

Sasa sikiliza vizuri. Mimi nilizaliwa ndani ya boti ya mizigo, tukibeba shayiri kupeleka kwa watengeneza bia, na maji ya mfereji yalikuwa hayanyweki, tukanyweshwa bia nyepesi kabla hatujajua kutembea. Ulimi wangu haudanganyiki. Nilikaa mbele ya kile kibao nikamwomba Mungu kwa moyo wangu wote kwamba bia iwe mbovu. Iwe siki. Iwe na ukungu, iwe imepoa kama maiti, iwe na ladha ya shaba. Kwa sababu mtu asiyeonja bia hawezi kuitunza vizuri, na kama Joel haonji, lazima bia iwe mbovu.

Ya kwanza ilikuwa bia chungu ya kawaida. Rangi ya shaba, safi unaona kidole upande wa pili. Povu limekaa. Uchungu ulikuja mwishoni, kule nyuma, ukakaa kidogo ukaondoka kwa adabu. Ya pili ya dhahabu, ina harufu kama ganda la chungwa. Ya tatu ile nyeusi laini, ambayo mtu akikosea siku moja tu inakuwa maji ya kufulia. Leanne, ilikuwa kama mkate wa tangawizi. Sijanywa bia nyeusi namna ile tangu baba yako alipokuwa anashika ile stoo ya chini.

Mzee mmoja pembeni akaniangalia, akaniinamia sikioni, "Mama, mbona unalia? Ni nzuri hivyo?"

"Nzuri mno," nikamwambia.

Nilirudi nyumbani nikachoma mkate ukawa mkaa, mpaka jirani akagonga dirisha kuniambia kuna moshi. Ndivyo akili yangu ilivyokuwa.

Joel ana mwaka na nusu hajagusa tone. Baba yako naye alianza kwa kuonja tu. Niambie la kufanya.

Bibi yako,
Keziah


Lerwick, 11 Machi 2009

Bibi mpenzi,

Nisamehe. Kwanza sijaolewa na kondoo, wote wa huku wana wake zao.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Bibi, tafadhali tulia. Bia nzuri si ushahidi. Siku hizi kuna vipimajoto, kuna mashine za kupoza, mapipa yanakuja safi kuliko zamani. Na Joel ana pua nzuri, unakumbuka alivyokuwa akijua umepika nini tangu kule darajani. Labda ananusa tu. Labda anaangalia kwenye taa. Mtu anaweza kufanya kazi na kitu bila kukimeza, mimi nashika dawa kali kila siku na sizili.

Usimvamie. Watu wanaojitahidi kuacha wakihisi wanachunguzwa wanaanza kujificha, hilo nimeliona kazini. Ukienda tena, nenda kama mteja. Kaa, kunywa, mwangalie usoni. Rangi yake ikoje? Anakula? Mikono inatetemeka?

Na ule mkate, Bibi. Unasema ulikuwa mkaa na mpaka jirani akaona moshi. Wewe harufu hukuisikia? Ulipata mafua?

Umenieleza kuta na taa na sakafu. Hukuniambia kitu kimoja. Mlango wa nyuma, ule unaotokea kwenye mfereji, aliotokea baba usiku ule wa mwisho, bado upo?

Nikipata likizo nitakuja. Kwa sasa hatuna watu wa kutosha wodini.

Nakupenda,
Leanne


Thornbeck, 19 Machi 2009

Leanne,

Mkate achana nao. Mafua yalikuja wakati wa theluji yakaondoka, mimi si mgonjwa wako.

Nimeharibu. Uliniambia nisimvamie, nikamvamia. Sasa kaa chini usome.

Nilikwenda asubuhi kabla hawajafungua, kwa sababu asubuhi ndiyo mtu wa stoo anakagua mapipa. Pipa jipya halitolewi kwa wateja mpaka liwe limepumzika, mashapo yametua, halafu mtu alionje. Ndiyo sheria ya kazi hiyo, haijabadilika, hata wabandue kuta zote. Jodie alinifungulia akadhani nimesahau mwavuli.

Nimekaa. Mlango wa stoo ukafunguka, Joel akapanda ngazi. Mikononi glasi, ndani yake bia nyeusi imebaki ya upana wa kidole. Midomo imelowa. Na anatafuna peremende.

Leanne, unakumbuka peremende? Mifuko yote ya koti la Roy ilijaa peremende. Tulipolipokea lile koti kutoka kwa polisi zilikuwa zimeyeyuka ndani kwa maji ya mfereji.

Niliitazama mikono yake kama ulivyoniambia. Imetulia.

"Umekunywa," nikasema.

Akashtuka. "Bibi! Umeingiaje?"

"Kwa mlango. Umekunywa?"

"Nimeonja. Nimetema. Punguza sauti."

"Sauti yangu ndiyo hii, sina nyingine. Bia haitemwi! Watu wa mvinyo ndio wanaotema. Uchungu wa bia unakaa huku nyuma kooni, usipomeza hujauonja, na ile bia ya Alhamisi imeonjwa na mtu aliyemeza. Usinifanye mjinga, mimi nimekunywa bia kabla mama yako hajazaliwa!"

Jodie akajifanya anafuta meza moja, anaifuta, anaifuta, mpaka nikadhani ataitoboa.

Joel akasema kitu kwa sauti ya chini. Sikukisikia. Nikamwambia aseme tena, akakataa, akatikisa kichwa. Na mimi, kwa woga, ndiyo, ulikuwa woga, nikasema neno ambalo halirudi mdomoni. Nikamwambia, "Una mdomo wa baba yako."

Akaiweka ile glasi kwenye kaunta taratibu sana, kama kitu kinachoweza kulipuka. Akashuka ngazi akafunga mlango.

Hajarudi nyumbani. Kitanda chake hakijalaliwa. Chai yake naimimina kila asubuhi na kila asubuhi naimwaga. Naogopa kwenda pale, naogopa kutokwenda. Nikiona watu wamesimama karibu na lango la maji kule mferejini navuka barabara nisije nikaona wanachokitazama.

Mpigie. Wewe una masikio.

Bibi


Lerwick, 24 Machi 2009

Bibi,

Yupo hai. Naanza na hilo. Analala chumba cha juu pale baa, Bi Hattie amempa godoro. Nimeongea naye jana.

Sasa nikuambie na lingine, ukikasirika kasirika. Nilijua tangu Januari kwamba yuko kwenye stoo. Aliniomba nisikuambie. Nilidhani nakulinda moyo.

Hakutaka kuniambia kama amekunywa. Alicheka cheka. Bibi, kile kicheko nakijua, nilikuwa nakisikia ngazini nikiwa mdogo, baba akiingia amevua viatu. Niliweka simu chini nikarudi wodini kupima presha za watu.

Kwa hiyo usinisikilize tena na hekima zangu. Nenda. Usimuulize kama amekunywa, hilo kila mtu anamuuliza. Muulize anaogopa nini.

Najua ni mimi ninayepaswa kuja. Nilikata tiketi ya meli mwaka jana, Bibi. Nilifika bandarini na sanduku. Nikaona maji kati ya gati na meli, meusi, membamba, na nikarudi nyumbani. Hujanijibu kuhusu ule mlango.

Leanne


Thornbeck, 14 Aprili 2009

Leanne wangu,

Nimekasirika, nimemaliza kukasirika. Sasa tega sikio.

Nilikwenda Jumamosi ileile barua yako ilipofika, mchana. Nilichagua saa mbaya kuliko zote, timu ya hapa inacheza nyumbani, baa imejaa mashabiki wa mitandio ya bluu mpaka mlangoni. Joel yupo kaunta anamsaidia Jodie kuvuta pampu. Amekonda. Aliponiona akaweka chini glasi ya mtu.

Akasema kitu. Sikusikia.

"Sema!" nikamwambia.

Akaonyesha nje kwa kidole, maana yake twende uani. Nikakataa. Uani sitaki. Nikamuuliza palepale, mbele ya mitandio yote, kama ulivyonielekeza: "Joel, unaogopa nini?"

Akajibu, midomo ikacheza tu.

"Sisikii!"

Akajaribu tena.

"Mwanangu, mimi ni kiziwi, si mchawi. Piga kelele!"

Basi akapiga. Leanne, nilisikia kila neno, na sidhani kuna mtu yeyote pale sokoni ambaye hakusikia.

"NAOGOPA BIA YANGU, BIBI!"

Jamaa mmoja aliyekuwa anakunywa akaishusha glasi yake akaitazama kwa mashaka.

"Endelea," nikasema.

"NORMAN NDIYE ALIYEKUWA ANANIONJEA!" Norman yule mfuta madirisha, unamkumbuka, ana kofia. Kumbe kila asubuhi alikuwa anapita, Joel anampandishia bia kidogo, anaionja, anamwambia bado, tayari, au mwaga. Joel anashika pua na macho, Norman anashika ulimi. Halafu Norman akahamia kwa binti yake Blackpool. "TANGU AONDOKE NI MIMI PEKE YANGU! NATEMA, NASUKUTUA, NATAFUNA PEREMENDE! MARA MOJA SIKUTEMA!"

Hapo sauti ikamkatika. Jamaa yule wa glasi akanitafsiria sikioni, "Anasema mara moja tu, mama. Anasema alikaa chini kwenye ngazi akaogopa kusimama."

"Kwa nini huachi hii kazi?" nikamuuliza.

Akafuta uso na taulo la kufutia kaunta. "KWA SABABU NDIYO KITU PEKEE NINACHOKIWEZA! NA NIKIIKIMBIA NITAKUWA NAKIMBIA KILA BAA MPAKA NIFE!"

Hattie Crabtree akatokea jikoni, mfupi, sauti kama lori. Nikamuuliza kwa nini haonji yeye, baa si yake?

"Mimi?" akasema. "Sigara miaka yote hii? Ulimi wangu ni kapeti, mama. Siki na asali kwangu ni ndugu."

Nikavua koti la kanisani nikaliweka kwenye kiti. Nikasema, "Basi chukueni wangu."

Watu wakapiga makofi, wajinga wale. Joel akazunguka kaunta akanikumbatia mbele yao wote, na mimi nikambana mbavu nizihesabu. Nilimwambia sikioni, polepole, yeye anasikia, kwamba mdomo wa baba yake ulikuwa mzuri kabla ya bia, na ndio huo anao. Alirudi nyumbani siku hiyohiyo. Alikula sahani mbili.

Tangu hapo kila asubuhi nakwenda. Joel anashuka, ananusa, anaangalia kwenye taa, anasikiliza pipa linavyopumua pale kwenye kigingi cha kutolea gesi, halafu anapandisha glasi akiwa amenyoosha mkono mbali na mwili, kama amebeba kinyesi cha paka. Naonja. Nasema bado, tayari, au mwaga. Hagusi. Namwona.

Sasa nakuambia lile ambalo Joel halijui, na ole wako ukimwambia.

Ulimi unaniacha, Leanne. Yale mafua hayakuondoka bure, yalibeba kitu. Ule mkate, ulikuwa sahihi, sikusikia harufu. Ilikuwa inakuja na kuondoka, siku ile ya kibao nilikuwa nayo pale baa na nyumbani ikaniacha, sasa inakwenda tena na sijui kama itarudi. Sabuni hainuki. Vitunguu havinuki. Ijumaa iliyopita nilionja ile ya dhahabu nikasema tayari, na jioni wateja wakairudisha, mmoja baada ya mwingine. Siki tupu. Joel akasema ni kosa lake, eti mrija haukuoshwa vizuri. Aliuosha usiku wa kuamkia siku hiyo, nilimwona mimi mwenyewe na ndoo. Alikuwa ananifichia aibu.

Halafu nikamwona anaitazama ile glasi iliyorudishwa. Anaitazama kwa muda mrefu. Anataka kujua imekosea wapi, na hakuna njia ya kujua ila moja.

Niliinyakua nikaimwaga. Siwezi kunyakua kila glasi. Kila asubuhi naweka bia mdomoni, natafuta uchungu kule nyuma kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, na yeye amesimama ananitazama, ananiamini.

Jodie ana miaka kumi na tisa na anapenda vinywaji vya rangi ya waridi. Mama wa buchani hagusi pombe, ni mtu wa kanisa. Wewe ulikuwa unaonja kwenye kijiko changu ukiwa huwezi hata kutamka bia, na ulikuwa unakunja uso mahali hasa panapostahili.

Uliuliza mlango, mara mbili. Sikukujibu kwa sababu siku ya kwanza niliogopa kutazama upande ule, nilikaa nimeupa mgongo. Sasa nimetazama. Haupo. Wameujenga kwa matofali mpaka kiunoni, juu wameweka dirisha kubwa la kioo, na chini yake benchi lenye mto mwekundu. Hakuna mtu anayetoka tena kwa pale. Maji unayaona, boti zinapita, bata wanapita, na kati yako na mfereji kuna ukuta wa unene wa mkono. Niliupiga ngumi kuujaribu. Ndipo ninapokaa kila asubuhi kuonja. Ni mahali penye mwanga mzuri wa kutazamia bia.

Basi. Omba likizo, na wakikunyima, chukua. Kwenye meli funga macho mpaka watu wakuambie umeingia. Meli ikifika Aberdeen panda treni ya asubuhi, usishuke kununua chochote cha kula njiani, hasa vitunguu. Usije nyumbani kwanza. Njoo moja kwa moja Gunia la Sufu, ingia kwa mbele, pita kaunta, kaa kwenye ule mto mwekundu karibu yangu, nitakuwa nimekuwekea nafasi kwa mkoba wangu.

Na siku hiyo usipige mswaki. Dawa ya meno inaharibu ulimi.

Bibi yako,
Keziah